Keki ya Mvivu na Sahani ya Mama Sauda

Masuku, yale matunda ya msituni, yakiiva ndani ya gunia hayasubiri kufunguliwa. Harufu yake inatangulia. Inapita chini ya mlango wa stoo, inazunguka sebuleni, inakaa kwenye nguo zilizokunjwa, na mwisho hata daftari za shule zinanukia msituni. Mtu ambaye hakukulia Songea nikimweleza harufu hiyo ananitazama tu, kwa hiyo nimezoea kumwambia afikirie pera lililoiva kupita kiasi halafu likapakwa asali, na kama haniamini aje mwenyewe mwezi wa kumi na mbili. Nyumbani kwetu Msamala harufu hiyo ndiyo iliyokuwa kalenda. Mvua zikishaanza na barabara ya mbele ya nyumba kugeuka tope jekundu, akina mama walitoka msituni na ndoo za masuku kichwani, wakayapanga mafungu mafungu kando ya njia. Mama yangu, mwalimu wa shule ya msingi na mtu wa mipango hata katika kula, alinunua ndoo mbili, akayachambua moja moja, akayavundika kwenye gunia na kuliweka gizani. Siku ya tatu au ya nne nyumba nzima ilijua kwamba Krismasi imefika.

Sisi wenyewe hatukuwa wenyeji wa Songea. Baba alikuwa bwana shamba, Mbena wa Njombe, aliyehamishiwa Ruvuma mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni. Mama alimfuata na sanduku la vitabu, cherehani, na karatasi moja ya mapishi aliyoiandika alipokuwa msichana akijifunza ushonaji kwa masista wa misheni. Masista hao walioka kila Noeli vipande vya shayiri vyenye jemu katikati, na mama alivipenda kwa sababu moja aliyoitangaza bila aibu: ni rahisi. Hakuna kupiga mayai mpaka mkono ufe ganzi, hakuna hamira ya kubembeleza. Unachukua shayiri ile bapa inayouzwa kwenye kopo, unga wa ngano, sukari, chumvi kidogo na mafuta magumu ya kupikia, unavisugua kwa ncha za vidole mpaka viwe chengachenga. Nusu unaishindilia chini ya sufuria, katikati unatandaza matunda, nusu iliyobaki unainyunyiza juu, umemaliza. Baba aliiita keki ya mvivu, na jina likaganda. Masista walikuwa na jemu ya kopo kutoka kwao. Mama alipofika Songea aliona masuku, akayaonja, akaisahau jemu ya kopo siku hiyo hiyo.

Uvivu wenyewe, lakini, ulikuwa wa mama peke yake. Masuku yana mbegu kubwa zinazong'ang'ania nyama yake kama mtoto anayeachishwa ziwa, na kazi ya kuzitoa ilikuwa yangu na ya rafiki yangu Sauda, binti wa nyumba ya jirani. Tulikaa barazani na beseni katikati yetu, suku moja kwenye beseni, suku moja mdomoni, mikono inanata mpaka kwenye viwiko. Mama aliipika ile nyama na sukari na ndimu hadi ikawa nzito na rangi ya kahawia inayong'aa. Jiko la umeme hatukuwa nalo. Tuliweka mchanga ndani ya sufuria kubwa, juu ya mchanga tukakalisha sufuria ndogo yenye keki, tukafunika kwa bati na kuweka makaa ya moto juu yake, moto chini na moto juu. Ikishapoa mama alileta rula yake ya shuleni, akaiosha, akapima vipande sawasawa kama anayepiga mstari wa pambizo. Kwa kuwa sufuria ni duara na vipande ni vya mraba, zilibaki kona na kingo zisizo na umbo. Hizo zilikuwa zetu, mimi na Sauda, na hatukuzigawana kwa rula.

Mama yake Sauda alitoka Nalasi, huko Tunduru, na mumewe alikuwa mfanyabiashara wa korosho. Walikuwa Waislamu, sisi Wakristo, na katikati yetu palikuwa na ua wa michongoma wenye pengo lililotokana na watu kupitapita. Kila Krismasi sahani yetu ilipita kwenye pengo lile imefunikwa kitambaa, na kila Idi ilirudi na pilau. Sahani haikurudi tupu, na haikuulizwa ina nini. Hilo la kutoulizwa niliona ni jambo la kawaida, kama vile kuona jua linatoka. Sikujua kwamba lilikuwa na mtu wa kulilinda. Baba yangu, ni lazima niseme, alipenda nguruwe kuliko kitu chochote kinachotembea, na mafuta yaliyotoka kwenye kikaango chake aliyaweka akiba kwa kukaangia viazi. Basi mama aliweka sheria. Sufuria ya nguruwe ilikaa nje, kwenye msumari wake. Mafuta ya nguruwe yaliwekwa kwenye kopo lililofungwa uzi mwekundu shingoni, rafu ya chini kabisa. Mafuta ya kawaida yalikaa kwenye kopo lisilo na uzi, rafu ya juu. Makopo yenyewe yalikuwa mapacha, ya bluu, na mafuta yote mawili yalikuwa meupe. Tofauti ilikuwa uzi na rafu.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na nilikuwa hodari. Sioni sababu ya kulisema hilo kwa kuzungukazunguka. Nilijua moto wa juu unatakiwa kuwa mkali kuliko wa chini, nilijua kwa pua keki imeiva au bado, na nilijua kusugua unga bila kuufanya donge. Mama aliliona, na asubuhi ya tarehe ishirini na nne, kabla ya kwenda kanisani kwenye mazoezi ya kwaya na kupamba altare, alinikabidhi karatasi ya masista na kusema, "Neema, mwaka huu oka wewe. Mimi nitarudi jioni kula tu." Nilivimba kichwa hadi kitambaa kikanibana. Na kwa kuwa nilitaka akirudi asikute keki tu bali akute jiko zima linang'aa, nilianza na usafi ambao hakuna aliyeniagiza. Nilishusha kila kitu kutoka kwenye rafu. Nikasugua makopo kwa majivu na sabuni. Ule uzi mwekundu ulikuwa umeganda masizi na mafuta, unanata, unatia kinyaa, nikaukata na kuutupa motoni. Nilikuwa na nia kabisa ya kuweka mwingine. Halafu nikarudisha makopo kwenye rafu, nikaendelea na mambo makubwa.

Keki ile ilikuwa nzuri kuliko zote zilizowahi kutoka kwenye sufuria ile, na mpaka leo inaniuma kukiri. Chenga za juu zilikuwa kavu, zinavunjika zenyewe, zina rangi ya nyasi za mwezi wa nane. Masuku yalikuwa yamechemka hadi kingoni na kuganda kama gundi tamu. Niliosha rula, nikapima, nikakata. Sauda hakuwepo, alikuwa amekwenda stendi na baba yake kumpokea bibi yake aliyekuwa anakuja na basi kutoka Tunduru, kwa hiyo kona na kingo zake nilimwekea kwenye kikombe. Vipande kumi na viwili vilivyonyooka nilivipanga kwenye sahani yetu ya maua, nikafunika kitambaa nilichokipiga pasi mwenyewe, nikapita kwenye pengo la michongoma. Mama Sauda alifunua pembe ya kitambaa, akanusa, akasema, "Leo mwalimu amejishinda." Nikamwambia si mwalimu, ni mimi. Akanitazama upya, kama mtu anayepima kitenge, akasema wageni wake wakifika watakunywa nayo chai. Nilirudi nyumbani nikitembea kama mke wa mkuu wa mkoa.

Alasiri baba alirudi kutoka kwenye mizunguko yake na njaa ya viazi. Nilikuwa barazani, nikamsikia jikoni akihangaika na kikaango, kisha akauliza kwa sauti ya mtu aliyeibiwa, "Nani kanihamishia mafuta yangu? Hapa chini kuna ya kawaida." Akatafuta, akalikuta kopo lake rafu ya juu, akacheka. "Na mmeyala! Limebaki nusu." Akakaanga viazi vyake huku akiimba. Alidhani mama ndiye aliyeyatumia kwa mchuzi, na hakulifikiria tena. Mimi nililifikiria. Nilibaki na ufagio mkononi. Kikombe kizima cha mafuta yale nilikuwa nimekisugua kwenye unga kwa ncha za vidole vyangu hivi, kwa ustadi wote niliojaliwa, kisha nikakipeleka nyumba ya jirani chini ya kitambaa kilichopigwa pasi.

Nataka niwe mkweli kuhusu dakika zilizofuata, maana ni rahisi leo kujipa sifa. Wazo la kwanza lililonijia halikuwa kukimbia. Lilikuwa kwamba hakuna anayejua. Baba hajui, mama hayupo, uzi umeungua, na keki haina harufu nyingine isipokuwa ya masuku. Wangekula, wangesifu, sahani ingerudi na pilau siku ya Idi, na dunia ingeendelea. Nikisema, nitaharibu kila kitu kwa mdomo wangu: sifa yangu ya siku moja, heshima ya mama aliyetunza rafu zile miaka yote, na ile sahani, ambayo huenda isipite tena kwenye pengo. Nani angekula tena kwetu? Nilisimama pale nikipiga hesabu hiyo, na kila nilivyoipiga kunyamaza kulionekana ndiyo njia ya mtu mwenye busara. Kisha upande wa pili wa ua nikasikia mlango wa gari ukifungwa, sauti ya Sauda inapiga kelele za furaha, na Mama Sauda akisema, "Karibuni, karibuni, chai iko tayari." Nikaona kichwani kinywa cha Sauda, na mikono yetu ndani ya beseni moja. Nilitupa ufagio.

Sebuleni kwao watu walikuwa wameketi mkekani. Sahani yetu ya maua ilikuwa katikati, imeshafunuliwa. Bibi wa Nalasi, mwanamke mdogo wa mwili aliyejifunga mtandio mweupe, alikuwa na kipande mkononi, anakigeuza kutazama tabaka zake. "Shikamoo Bibi," nilisema. "Shikamoo Mama. Naomba sahani yetu."

Kwetu hakuna mtu anayefuata sahani ya sikukuu. Hata mtoto wa miaka mitatu anajua hilo. Mama Sauda alicheka kwanza, akidhani ni utani. "Haijakaa hata saa tatu, unaidai? Mbona una haraka hivyo?"

"Msile," nikasema. "Nimekosea mafuta. Nimeweka ya nguruwe. Sikujua, nimejua sasa hivi."

Sauda alikuwa ameshanyoosha mkono kuelekea kwenye sahani, akaurudisha kifuani. Bibi alikiweka kile kipande chini taratibu, pale pale alipokitoa, akainua mkono wake na kuushikilia mbali na nguo. Hakuna aliyepiga kelele. Ningependa wangepiga. Mama Sauda aliuliza, "Nani amekutuma uje kusema?" Nikamwambia hakuna. "Mama yako anajua?" Nikasema hajui, bado yuko kanisani. Bibi akaomba maji na sabuni, akanawa vizuri hadi kwenye kifundo, akajifuta, ndipo akanitazama. "Tungekula bila kujua, Mwenyezi Mungu angetusamehe," alisema. "Lakini wewe ungejua. Ungekaa nayo." Hakuisema kwa ukali wala kwa upole, aliisema tu. Kisha Mama Sauda akaisukuma sahani kwangu kwa pembe ya kitambaa, bila kuigusa, nami nikaibeba ikiwa imejaa, nikapita tena kwenye pengo. Nililia nilipofika upande wetu, si kabla.

Mama aliporudi nilimweleza yote mlangoni, kabla hajavua viatu. Alikaa kwenye kigoda. Alitazama rafu zinazong'aa, makopo mawili yanayong'aa, akashika shingo ya kopo mahali uzi ulipokuwa. Hakunipiga, na hilo lilinitisha. Alinawa uso, akajitanda khanga, akaenda kwa jirani kuomba radhi. Hakukaa muda mrefu. Nilimuuliza wamesemaje, akajibu kwamba wamempokea vizuri, wamempa kiti, wamempa chai. "Lakini hakuna aliyenitania," akasema. Nilimwelewa. Mama Sauda alikuwa mtu wa kumtania kila anayevuka kizingiti chake, na mama yangu hasa. Heshima ile tupu ilikuwa na baridi. Baba, kwa upande wake, alichukua ile sahani na kikombe cha kona na kusema atazila zote peke yake kama adhabu ya kupenda nguruwe. Aliitumikia adhabu hiyo siku tatu, na hakuonekana kuteseka.

Kesho yake tulienda ibadani, tukaimba, na sikusikia wimbo hata mmoja. Tulikuwa hatujamaliza kuvua nguo za kanisani tuliposikia hodi. Ilikuwa Mama Sauda. Kichwani alikuwa na sufuria mpya, ya bati linalometameta, bado ina karatasi ya dukani, na ndani ya sufuria kulikuwa na chupa ya mafuta ya alizeti na mfuko wa korosho za kwao. Nyuma yake alikuwa Sauda. Mama alianza upya maneno ya kuomba radhi, ya jana na mengine ya nyongeza. Mama Sauda alimkatiza. "Mwalimu, mtoto ameshasema. Wewe utaongeza nini?" Akatua sufuria barazani. "Shayiri imebaki? Nimekuja kumfundisha mvivu kuoka keki ya mvivu." Mama yangu alicheka hadi akashika ukuta, kisha nikaona kwamba halikuwa cheko peke yake, maana alikuwa anafuta macho kwa pindo la gauni la sikukuu.

Tulioka upande wao, kwenye jiko lao, katika sufuria ile. Mafuta ya alizeti hayasuguliki na unga kama yale magumu, chenga zikawa zinakataa kushikana, ndipo Mama Sauda akatwanga korosho mpaka zikatoa mafuta yake, akazimimina humo. Zikashika. Mimi sikutaka kugusa unga. Mama Sauda alinishika mkono akautia kwenye beseni, akauacha humo. Ilipoiva nilipewa mimi kupeleka sahani kwa Bibi, aliyekuwa ameketi kivulini na tasbihi yake. Mjukuu wake mmoja aliyekuwa karibu alisema, "Bibi, uliza kwanza." Sikumlaumu, na mimi nilikuwa nimeshaanza kufungua mdomo nitaje kila kilichomo. Bibi alichukua kipande cha juu kabisa. "Cha huyu siulizi," alisema, akakitia mdomoni.

Leo nina jiko la umeme, na kila Desemba watu wa Songea wananipigia simu mapema kuagiza keki ya mvivu. Masuku yamekuwa ya kutafuta. Msitu umesogea mbali na mji, na akina mama wanaoyaleta wanatoka huko huko mbali, siku hizi kwa bodaboda. Korosho sijawahi kuziacha. Kwenye kila boksi nabandika karatasi yenye orodha ya vilivyomo, kwa mwandiko mzuri, na wateja wanaisoma kabla ya kufungua. Wana haki. Mji umekua, mimi siwajui wao na wao hawanijui, na karatasi inafanya kazi ambayo zamani ilifanywa na uzi mwekundu. Ninaoka vizuri kuliko nilivyooka nikiwa na miaka kumi na mmoja, hilo nalo silisemi kwa kuzungukazunguka. Ila ninajua kwamba wengi wanaokula keki yangu wanaiamini ile karatasi, na sitawahi kuwabebea sahani kupitia pengo la ua.

Ile sufuria ninayo. Mama Sauda alipohama kurudi Nalasi aliniachia, imeshapoteza mng'ao, imebonyea upande mmoja, na inakaa kwenye msumari wake peke yake jikoni kwangu. Mara moja kwa mwaka natoa jiko la mkaa, natandaza mchanga, naoka ndani yake keki moja tu isiyouzwa. Desemba iliyopita Sauda alikuja kuila mwenyewe. Siku hizi ni mkunga huko Tunduru, na alikuja na mwanawe wa miaka tisa, kijana mwenye adabu aliyelelewa vizuri. Niliweka sahani mbele yao. Mtoto hakugusa. Alimgeukia mama yake na kuuliza kwa sauti ya chini, kama anavyotakiwa kuuliza akiwa ugenini, "Mama, hizi tunakula?"

Nilikuwa nimeshapumua ndani nianze kumweleza kuhusu alizeti, korosho, na sufuria iliyoko msumarini. Sauda hakuningoja. Alikuwa ameshachukua kona, ile isiyo na umbo, na mdomo wake ulikuwa umejaa.

"Kula," akamwambia.